Kwako Rashidi, Uliyeuita Mchoro Wangu Wako

Kwako Rashidi, uliyekuwa mchumba wangu,

Jina langu ulilichafua mbele ya watu, na jibu langu nalitoa mbele ya watu. Wale waliosikia kwamba Nasra wa Mtopanga ameiba kazi ya mwenzake, nao wasome.

Nianze na siku zilizokuwa nzuri, maana zilikuwepo. Wakumbuka tulivyojiunga pamoja na kile chuo kikuu kinachofundisha kwa mtandao? Mimi nilikuwa nimechoka kupima vitambaa dukani kwa mjomba, wewe ulikuwa umechoka kutengeneza simu za watu Mishomoroni. Kompyuta tulikuwa na moja tu, laptopu yako. Tukikaa kwenye baraza ya dada yako Zuhura, waya mmoja wa kusikilizia, sikio moja lako, moja langu, na mhadhiri wetu akitusomesha usanifu wa programu: jinsi ya kuupanga mfumo kabla hujaandika hata mstari mmoja.

Nilipokuwa sielewi, ulikuwa ukiisimamisha video. Siku moja uliniambia, "Nasra, ichukulie kama nyumba ya wapangaji. Choo cha mmoja kikiziba, wengine wasilale nje. Ukipanga vizuri, kila mmoja ana mlango wake."

Nilicheka mpaka Zuhura akachungulia dirishani. Wallahi, nilikupenda kwa mfano ule kuliko kwa posa uliyoleta baadaye.

Kisha ikaja kazi ya mwisho wa muhula. Kila mwanafunzi abuni mfumo wake. Wewe ulichagua mfumo wa maduka ya vipuri, na wiki zikapita ukurasa wako mtupu. Mimi nilikuwa nimempeleka wifi yangu Mwanajuma kliniki ya wajawazito kule Bofu, nikamwona muuguzi akihangaika na simu isiyoshika mtandao huku kina mama wamejaa kwenye mabenchi. Nikarudi na wazo. Nikachora mfumo ambao kila kliniki inabaki na nakala ya kadi za wajawazito wake. Mtandao ukikatika, kazi inaendelea. Ukirudi, habari zinajipanga foleni na kwenda kwenye kompyuta kuu moja baada ya nyingine, hakuna inayopotea.

Uliutazama mchoro ule kwa muda mrefu. "Hii nzuri," ukasema. "Hii nzuri sana, Nasra." Nami nikaona fahari kama mjinga, nikauacha ndani ya laptopu yako, kama nilivyokuwa nikiacha kila kitu changu.

Uliuwasilisha kabla yangu. Ulibadilisha rangi za visanduku na jina la juu, basi. Nilipouwasilisha wa kwangu, chuo kikaona kazi mbili zinazofanana, tukaitwa kwenye kikao cha nidhamu, hapo hapo mtandaoni, kwa video. Nilikuwa nimeazima simu ya mjomba. Nilikaa nikikungoja uwaambie ukweli, maana akilini mwangu lilikuwa kosa tu, faili limechanganyika. Ukazima kamera yako. Kisha nikaisikia sauti yako, laini, ya huruma:

"Nilikuwa namsaidia. Somo lilikuwa linamlemea. Naomba msimwadhibu sana, huenda alinakili bila kukusudia."

Uliniombea msamaha, Rashidi. Ningeweza kukusamehe wizi. Ile huruma yako ndiyo ninayokudai hadi leo.

Nikafelishwa, nikaambiwa nirudie somo zima. Wiki ile ile mamako mdogo akaja kumwambia mama kwamba posa imesita, kijana hajawa tayari. Hakunywa hata maji. Punde tukasikia umeajiriwa na Bi Khadija, yule muuguzi mstaafu mwenye kliniki za Bofu, Changamwe na Kisauni, umjengee mfumo. Mfumo gani, hakuna aliyehitaji kuniambia.

Mama alikuja kuketi nami. "Mwanangu, hayo yaate, mwachie Mola," akaniambia. "Mungu halali."

"Najua halali, mama," nikamjibu. "Na mimi pia silali."

Nikarudia somo. Safari hii masikio yote mawili yalikuwa yangu. Nisijipambe: sikusoma kwa kupenda elimu. Kila mada niliisoma nikitafuta mahali pa kukushika. Mhadhiri akifundisha jinsi ya kuupima mfumo wa mtu mwingine, kuugonga hapa na pale uone utalia wapi, mimi nilikuona wewe.

Halafu Mwanajuma akapata mimba ya pili. Alikwenda Bofu kichwa kinamuuma na miguu imevimba. Mtandao ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Msichana wa mapokezi, ambaye hakuwa na kosa lolote, akamwambia kadi yake haionekani, mfumo umelala, arudi kesho. Mwanajuma akarudi nyumbani. Alizimia jikoni na kijiko mkononi. Kaka yangu akamkimbiza hospitali nyingine, na presha iliyokuwa imeandikwa kwenye kadi ile ndiyo iliyokuwa ikimuua. Alijifungua kabla ya wakati, mtoto ana ukubwa wa njiwa. Wote wawili wako hai, alhamdulillahi, lakini wewe huna sehemu katika shukrani hiyo.

Nilipomuuguza nilimwuliza mara mbili: walikwambia hawaioni kadi? Hawakuwa na nakala pale pale? Hawakuwa nayo. Ndipo nilipojua kwamba uliiba mchoro bila kuuelewa. Ile nakala ya kila kliniki na ile foleni uliziona usumbufu, ukaziondoa, ukauegemeza mfumo wote kwenye kompyuta kuu moja. Choo kimoja kikaziba, na nyumba nzima ikalala nje.

Mtihani wa mwisho ulikuwa kufanya tathmini ya mfumo unaotumika, mbele ya wenye mfumo, wakikubali. Nilimwendea Bi Khadija, nikampa shikamoo, nikamweleza yaliyompata wifi yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Njoo uupime," akasema. "Na kijana wangu atakuwepo, akujibu." Jina langu hakukutajia. Nami sikumwomba akutajie.

Siku ile uliingia kwenye kikao cha video umevaa shati jeupe. Nilikuona ulivyolisoma jina langu kwenye kioo, na nikaona mkono wako ukipanda shingoni. Mhadhiri akaniambia nianze.

"Mtandao ukikatika Bofu," nikakuuliza, "muuguzi ataipata wapi kadi ya mama?"

"Siku hizi mtandao haukatiki sana."

"Ukikatika."

"Atasubiri kidogo."

"Mjamzito mwenye presha atasubiri?"

Bi Khadija akasema, "Mjibu mwenzio, Rashidi."

"Mchoro wa kwanza ulikuwa na foleni hapa," nikaendelea. "Kwa nini uliiondoa?"

"Niliona haina kazi."

"Ilikuwa na kazi gani?"

Hapo ningeweza kukuachia. Macho yako yaliniomba, na nayajua macho yako. Sikukuachia, nikangoja jibu mbele ya wote. Mhadhiri mwenyewe akakuuliza, kwa upole, ueleze foleni ile uliibuni kwa sababu gani. Ukasema maneno mengi yasiyoshikana. Akakuomba uchore. Ukazima kamera.

Basi nikaeleza mimi. Nikamweleza Bi Khadija kila kisanduku na kila mshale, na benchi la Bofu ambako wazo lilizaliwa, na baraza ya Zuhura ambako lilichorwa. Nilipomaliza, mhadhiri aliniuliza nimewezaje kuujua mfumo wa mtu kwa undani namna ile. "Mwulizeni yeye," nikasema. Ukawa umeshatoka.

Yaliyofuata unayajua. Chuo kiliifungua upya kesi yangu, kikanifutia lile doa. Bi Khadija alikuachisha kazi, akanipa mimi mfumo niurudishie viungo vyake. Mamako alikuja kwetu, akaketi penye kiti kile kile mdogo wake alipokataa maji. Nilimpa kahawa na nikamwamkia kama mkwe.

"Mwanangu, umemmaliza," akaniambia. "Atakula wapi?"

"Mama, wewe sina neno nawe. Mwambie aje yeye mwenyewe, aseme alichofanya kwa mdomo wake. Kwa kipaza sauti, kama alivyonisema."

Hukuja. Nikasikia umekwenda Uarabuni.

Watu huniambia kisasi huacha uchungu mdomoni. Labda wao hawakukipika vizuri. Mimi nililala usingizi mzito, nikaamka na njaa. Kinachoniuma ni kingine, nitakwambia kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia: siku ile nilipomaliza kueleza mchoro, mtu pekee niliyetaka auone uzuri wake ni wewe. Hilo pia nakudai.

Idd ilipofika ulinipigia. Ukasema, "Nasra, tusameheane." Nikasema, "Inshallah, kheri." Wewe ni mtoto wa pwani, Rashidi. Ungepaswa kujua kwamba hilo si ndiyo.

Hukujua. Maana jana asubuhi nimeandikiwa na kampuni ya huko uliko. Wanataka kukuajiri ubuni mifumo ya hospitali, na wakakutaka umtaje mtu mliyefanya naye kazi, athibitishe uwezo wako. Umenitaja mimi. Umeandika, kwa mkono wako: *Nasra, mwenzangu tuliyebuni naye mfumo wa kliniki.* Niliyasoma maneno hayo nimesimama. Mbele ya kikao kile nilikuwa mnakili. Leo unahitaji mlango ufunguliwe, nami nimekuwa mwenzako.

Nimewajibu jana hiyo hiyo. Nimeandika kwa adabu, kama nilivyolelewa. Nimewaambia namfahamu Rashidi vizuri, na kwamba ule mfumo alioutaja ni mzuri kweli. Nimewaambia kabla hawajamkabidhi hospitali ya mtu, wampe karatasi tupu na kalamu, wamwombe auchore mbele yao, na wahakikishe hazimi kamera.

Kaa salama huko uliko. Mimi niliyekuwa mchumba wako, na ambaye sasa umekiri mwenyewe kuwa nilikuwa mwenzako,

Nasra, Mtopanga