Magunia ya Kona na Sauti ya Nne

Kimanzi, ndugu yangu,

"Marehemu tulimpenda, lakini spika zake zilikuwa za kuchezea watoto. Spika kubwa haidanganyi." Maneno hayo aliyasema Mwangangi, mwalimu wa kwaya, mbele ya kanisa zima hapa Kyuso, Jumapili waliyozindua kanda ya kukukumbuka. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nimebishana na wahariri wa magazeti, na machifu, na wachungaji wawili, lakini siku hiyo nilikaa kwenye benchi kama mtoto aliyechapwa bila kosa.

Spika kubwa haidanganyi! Labda kwenye harusi. Kwenye chumba cha kurekodia, kidogo kama kile chako cha nyuma ya nyumba, itakudanganya mpaka umsahau hata aliyekijenga.

Unalikumbuka lile duka la Nairobi? Muuzaji alituwashia spika zenye kifua kama cha fahali, akapandisha sauti, vioo vya kabati vikatetemeka. Mimi nilikuwa nimeshazipenda. Wewe ukatoa mfukoni kanda yako mwenyewe, ya kwaya hii hii, ukamwambia ateremshe sauti. Teremsha. Teremsha tena. Mpaka akacheka: "Mzee, unanunua spika ama unanunua kimya?" Ulikuwa unasikiliza pale wanawake wanapovuta pumzi kabla ya kiitikio. Tulipofika kwenye zile ndogo nyeusi, kwaya yetu ilisikika vibaya kabisa: sauti ya pili imezama, mtu anakohoa, mwingine amechelewa kuingia. Nikasema twende zetu. Ukasema, "Ndizo hizi. Hizi zimenitajia makosa yangu."

Nyumbani ukaziweka juu ya stuli mbili, vipande vya tairi chini yake, mbali na ukuta, zikiyatazama masikio yako. Halafu ndengu za shambani kwako. Kila baada ya mavuno ulizijaza kona zote magunia, moja juu ya lingine, kwa sababu ulikuwa umegundua kwamba sauti nzito, ile besi, hukimbilia konani na kuvimba huko, na gunia huimeza. "Gunia la kona haliuzwi," ulimwambia mkeo, Mama Mwende, hata bei ilipokuwa nzuri. Naye alikujibu, "Basi siku ya njaa tutakula besi."

Tuliila hiyo besi, Kimanzi. Mazishi yako yalileta watu kutoka Mwingi mpaka Tseikuru, na waombolezaji hawarudishwi na njaa. Magunia ya kona yakafunguliwa. Mimi mwenyewe nilipewa sahani, nikala, nikaongezewa. Hapo hakuna aliyekosea.

Kosa lilikuja baadaye. Mwangangi aliingia chumbani kuzichanganya nyimbo ulizoacha umerekodi, kona ziko tupu, akaziwasha spika zako, zikanguruma. Akasema zimekufa pamoja na mwenyewe. Hakujiuliza ni nini kimetoka chumbani. Kamati ya kwaya ikachanga, zikaja spika kubwa, nao wakazisukuma mpaka ndani ya kona zile zile. Chumba kizima kikawa ngoma. Na kwa kuwa sauti ya nne, yaani besi, ilikuwa inawapasua vichwa, wakaiteremsha. Wakateremsha tena, mpaka mle ndani ikawa sawa. Mle ndani tu! Ukiipiga kanda hiyo kwenye redio ya mtu yeyote sokoni, sauti ya nne haipo.

Na sauti ya nne ni wewe. Wenzako wa besi walikuwa wamekwenda Mombasa kutafuta vibarua, ukairekodi peke yako, kifua kikikuuma, ukipumzika baada ya kila ubeti. Wanakamati hao wa kwaya ndio waliokuimbia kaburini. Hao ndio walioweka picha yako juu ya kasha la kanda, kisha wakakutoa ndani yake.

Mama Mwende aliipiga kwenye redio yake upande wa kwanza hadi mwisho, akaigeuza, akasikiliza wa pili. Akaniuliza, "Na Baba Mwende ameimba wapi?" Nimesoma vitabu vingi maishani. Usiku huo niliviweka kando, nikaanza kukuandikia barua hii.

Na wewe pia, Kimanzi. Acha nikwambie, maana neno hili nimelimeza tangu tukuzike. Ufunguo wa kile chumba ulimwachia Mwangangi. Miaka yote nilikaa nyuma yako kwenye kile kiti cha kamba, nikisikiliza unachosikiliza, halafu ufunguo ukampa mtu aliyekuwa anakuja kurekodi na kwenda zake. Ungenijibu nini, ninajua: "Wewe una masikio, lakini ungegombana na kwaya yote kabla ya wimbo wa kwanza." Labda. Lakini kwaya ingekuwa na besi.

Kwaheri, ndugu yangu. Lala. Ndengu zangu za msimu huu zimeanza kukauka shambani, na nakuahidi hakuna hata debe moja litakalofika sokoni kabla kona zako hazijajaa.

Sasa nyinyi wanakamati wa kwaya, kwa maana barua hii nitaisoma mbele yenu kabla ya mazoezi, mpende msipende. Kanda mama, ile ya awali aliyoirekodi Kimanzi, mnayo. Humo kila sauti bado imelala kwenye njia yake; hamjaifuta ya Kimanzi, mmeifukia tu. Acheni kuuza hicho mnachokiita ukumbusho. Zitoeni spika zenu konani, muwape watu wa harusi. Zile ndogo zirudi kwenye stuli zake. Na wewe, Mwangangi, keti kwenye kiti cha Kimanzi, Mama Mwende akae karibu nawe, uipandishe sauti ya nne polepole, na usiuondoe mkono wako mpaka yeye mwenyewe aseme, "Huyo hapo."