Nani Aliandika Karatasi Ile ya Maombi?

Shangazi mpendwa, nisaidie kabla Ijumaa haijafika maana sili vizuri na simwamini mtu. Niko kidato cha tatu, mwaka huu nilianzisha kikundi cha Wakristo shuleni kwetu, mwalimu wa kemia akakubali kuwa mlezi, akatupa maabara wakati wa mapumziko ya mchana, tukafika kumi na tisa. Tatizo mimi nina haya, nikiomba kwa sauti Kiingereza cha darasani na Kiswahili cha nyumbani vinagongana mdomoni, kwa hiyo sala naiandika nyumbani, naificha ndani ya Biblia, nafumba jicho moja nasoma kwa lingine. Nikaweka na boksi la viatu ili wenye haya kama mimi waandike mahitaji yao bila jina, nikaahidi hakuna atakayejua nani kaandika nini.

Wiki tatu zilizopita nikatoa karatasi: "Mwombeeni kiongozi wetu, sala zake anazisoma." Nikaikunja, nikatoa nyingine. Anayekaa karibu hadi aone kwamba nasoma ni mmoja tu, makamu wangu, tunamwita Chiriku kwa kuongea, rafiki yangu tangu chekechea, na yeye akiomba maneno yanamtoka kama maji ya bomba, nahisi anakitaka kiti changu. Basi nikawaambia wote wanakili mstari wa Zaburi, eti zoezi, nikalinganisha miandiko na karatasi zote za boksini, na Shangazi, sasa najua baba wa nani kahama nyumbani na nani bado anakojoa kitandani, ila mwandiko ule sikuupata. Nikamnyima Chiriku zamu ya kuongoza. Akanifuata koridoni: "We dada, nimekukosea nini?" Nikamwambia, "Jiulize." "Nijiulize mara ngapi? Si uniambie!" Nikaondoka. Tumebaki wanane, na Ijumaa nimeitisha kura ya kumtoa. Je, nimtoe?

Kiongozi Mwenye Haya

Mwanangu, pole. Kusimama mbele ya wenzako moyo ukidunda si kazi ndogo, na kikundi umekianzisha wewe.

Lakini hapo kwenye miandiko umenikasirisha. Umewaambia watoto wa watu waweke siri zao boksini, kisha ukakaa nazo mezani kama mpelelezi! Ushahidi umeutafuta, umeukosa, bado unataka kura. Kumi na mmoja wameondoka. Unadhani hawakulishtukia zoezi lako? Na karatasi yenyewe haikusema utolewe. Ilisema uombewe, ukaikunja. Huenda kaandika mbaya wako, huenda kaandika anayekuonea huruma. Mimi sijui, wewe hutajua, na utaishi hivyo hivyo.

Sasa sikia. Leo hii chana karatasi zote, na za Zaburi pia. Uliyoyasoma yafie kwako, hata mama yako usimwambie. Kesho mtafute Chiriku kabla ya kengele, mweleze ulimshuku nini, umwombe radhi bila kuweka "lakini". Akikununia, vumilia, wewe umemnunia wiki tatu. Ijumaa futa kura ya kumtoa. Waambie wenzako saba waliobaki kwamba ulivunja ahadi, waulize kama bado wanataka uwaongoze, kisha toka nje wajadili. Wakisema hapana, rudi ndani, vuta kigoda, ukae kama mwanachama.