Mikono ya Baba Yenu

Asmaa na Rayyan,

Chai iko kwenye chupa, chapati nimezifunika. Baba yenu amelala. ~~Msimwambie kitu, nitamwambia mwenyewe.~~ Akiamka mwambieni ninyi, mimi nitalia.

Asubuhi nimeendesha gari lake hadi Kihesa. Usukani ukatetemeka njia nzima, na niliposhuka mikono yangu ilitetemeka kama yake akirudi kutoka safari zake za Makongolosi. Nikapitia kwa fundi tairi. Kumbe zile tairi za kashata kubwa, za meno marefu, anazojidai nazo zimegandiwa na matope ndani ya rimu, hadi zimeanza kulika upande. Fundi ameyabandua, akafanya balansi, usukani umetulia.

Si ule ugonjwa wa kutetemeka uliomshika babu yenu. Tumeogopa bure.

Leo msimtilie chai nusu kikombe. Mjazieni.

Mama