Mpira Uliompata Emmett

Dubuque, Agosti 1953

Dada Lorene,

Pokea salamu zangu, wewe na watoto. Mahindi yanaendeleaje huko, na mgongo wa mama umepata nafuu? Mimi ni mzima, ukiacha mbavu, na mbavu zangu kuuma si habari.

Umeniandikia kwamba shemeji Dwight tangu arudi hasemi, anashinda ghalani akiutazama mkono wake wa kurushia. Nitakueleza yaliyotokea, maana yeye hatakueleza.

Unajua nilikuwa nimelingana na marehemu Tolliver kwa kugongwa na mpira mara nyingi kuliko mpigaji yeyote wa ligi yetu ya besiboli. Wenzangu wanahesabiwa mipira waliyoipiga, mimi nahesabiwa iliyonipiga. Jumamosi ile watu walijaa uwanjani kuja kuniona naumia. Wa upande wa pili wakanizomea, eti we gunia, leo mama'ko anakupokea ndani ya sanduku. Zamu ya tatu mpira ukanipiga kiwiko, nikausikia mfupa. Sikupapasa nilipoumia, maana kwetu anayepapasa ni mtoto. Nikaenda kituo cha kwanza, maana ndiyo haki ya aliyegongwa, nikicheka, na benchi letu likapiga makofi.

Sheria yetu haijaandikwa popote: wakimgonga wako, mrushaji wako anamgonga wao. Mrushaji wetu ni Dwight, akanifuata, akaniambia we tulia shemeji, hili langu, unamtaka nani? Nikamwambia yeyote atakayesimama kupiga wa kwanza. Akasimama Emmett Kubiak, kijana mpole asiyejua ugomvi. Dwight alilenga mbavu. Emmett akainama, mpira ukamwingia jichoni. Alianguka akirusha mateke, damu imemjaa mdomoni, na ile sauti yake naisikia mpaka sasa. Wenzake wakatoka na magongo, nasi tukatoka na yetu. Nilimvunja meno mtu ambaye hata jina lake silijui. Polisi ndio waliotuachanisha.

Dwight amefungiwa kucheza maisha yake yote. Jicho la Emmett limetolewa. Juzi nilikwenda kumwona hospitali, akanishika mkono, akaniambia nimwambie Dwight hana kinyongo naye, angekuwa yeye mrushaji wao naye angewalipizia wenzake vilevile.

Sasa ukweli wenyewe, dada. Mpira ulionigonga haukuwa na ubaya wowote, ulikuwa unapita zake. Kiwiko nilikitoa mwenyewe, kwa uroho wa kumpita Tolliver, na mwamuzi hakuona. Hakuna aliyenionea. Dwight hakuwa na cha kulipiza, nami nilijua hivyo aliponiuliza namtaka nani.

Jana nilirudi kwa Emmett nikamwambia. Aligeukia ukutani. Meneja naye kanifukuza, kasema hata mbwa ana haya kuliko mimi.

Msomee mumeo barua hii yote, usimfiche neno. Nakuja Jumapili kwa treni ya asubuhi. Watoto wapeleke kwa mama, nao uwabusu kwa niaba yangu. Mwambie Dwight nitasimama hapo uani, na sitakwepa.

Ni mimi mdogo wako,
Hollis