Babu wa Kitanda cha Tisa Amekula

Jumamosi, 1 Machi

Leo nimekuwa muuguzi! Asubuhi nzima, mezani kwangu, na miwani ya kusomea. Kitindamimba wangu kaleta kompyuta mbili tujaribu programu yake ya chakula cha wagonjwa. Moja kaiweka mezani — hiyo ndiyo wodi. Nyingine kaiweka juu ya friji — hiyo ndiyo jiko la hospitali. Kazi yangu ni kubuni wagonjwa na kuwaandikia chakula. Kazi yake ni kusimama kwenye friji aone kama skrini ya kule inabadilika.

Inabadilika! Naandika huku "bila chumvi", kule inatokea "bila chumvi", na mtu hajaigusa! Nikamuuliza, sasa nani anaiambia? Akasema, mama, hakuna anayeiamrisha. Skrini nimeiunganisha na data. Data ikibadilika inatoa taarifa yenyewe, skrini inayosikiliza inajichora upya. Nikafikiri kidogo. Nikamwambia, hayo mbona nayajua tangu nakunyonyesha? Ulikuwa ukilia chumba cha pili, huku blauzi yangu imeshalowa. Nani aliyaambia maziwa? Kacheka mpaka kakaa sakafuni. Kasema hakuna mwalimu wake aliyewahi kulieleza vizuri hivyo. Na mimi nimeishia shule ya msingi!

Tena nimemshika kosa. Nimeandika "maziwa", nikatulia, kidole juu ya kibodi, nasubiri. Kule juu ya friji — kimya. "Umeandika, mama?" Nimeandika. "Mbona hakuna kitu?" Kumbe programu ilikuwa inangoja nitoke kwenye kisanduku ndipo ipokee nilichoandika. Wenzake wote wakijaribu wanaandika na kurukia kisanduku kingine mbio mbio. Mimi naandika na kubaki naitazama kazi yangu. Kalirekebisha pale pale, kanibusu utosini. "Mama, wewe ndiye mkaguzi wangu mkuu."

Mkaguzi mkuu! Nimempigia simu dada yangu. Nimempigia mara mbili, maana mara ya kwanza alidai yuko bafuni.

Jumatatu, 3 Machi

Skrini iko jikoni kwetu, ukutani, pembeni ya kabati la sahani. Miaka kumi na tisa napika hospitali hii, sijawahi kuona kitu kipya kimeletwa kisichokuwa sufuria.

Ni ya wodi moja tu kwanza, wodi ya wanaume. Muuguzi akibadilisha chakula cha mgonjwa kwenye kompyuta ya wodini, sisi tunaona hapa papo hapo. Zamani ilikuwa vikaratasi. Kikaratasi kinaanguka kwenye ndoo, kinalowa supu, hujui ni kitanda cha sita au cha nane.

Matroni katupa wiki moja. Ijumaa saa nne asubuhi wakubwa wanakaa. Wakiridhika, programu inakwenda wodi zote na mwanangu anaajiriwa moja kwa moja. Wasiporidhika, vikaratasi vinarudi na yeye anarudi nyumbani kutuma maombi ya kazi, mwaka wa pili sasa. Mimi ndiye niliyemwendea Matroni kumwombea. Mara tatu! Mara ya tatu alinifungulia mlango kabla sijabisha.

Mwenzangu tunayemwita Kiberiti hakosi neno. Tunapika meza moja miaka yote hiyo na bado anawaka kila asubuhi. "Mama Injinia, iambie hiyo tivii yako imenye vitunguu." Nikamjibu, ikianza kumenya vitunguu, shoga, wewe utafanya nini hapa? Wasaidizi wote wakacheka. Hata yeye, lakini kwa kugeukia jiko.

Jumanne, 4 Machi

Kitanda cha kwanza kilikuwa "chakula laini". Nikiwa nimeshika upawa, kikawa "kawaida". Mbele ya macho yangu! Nikapiga kelele, watu wakadhani nimeungua.

Jumatano, 5 Machi

Vikaratasi nimevitia kwenye pipa. Kiberiti kaniuliza, na simu ya asubuhi je? Maana kila siku alfajiri tunapiga wodini kuuliza nani anapasuliwa, asije akapewa chai. Nikamwambia, simu ya nini? Skrini inasema. Akasema, simu haigharimu kitu. Nikasema, kumwuliza muuguzi kitu kilichoandikwa mbele ya macho yako ni kumdharau mtoto wangu. Akanyamaza. Kiberiti kunyamaza! Niliona nimeshinda.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nianzie kwa babu. Kuna babu mmoja wa ngiri, mchangamfu, jana mchana alikuwa kitanda cha nne. Akalalamika jirani yake anakoroma kama trekta, wakamhamishia cha tisa, dirishani. Jioni muuguzi akaandika: cha tisa asile kitu, anapasuliwa kesho asubuhi. Kaandika vizuri kabisa, nimeonyeshwa.

Leo saa kumi na mbili skrini yetu inasema: cha tisa — mkate, yai, chai ya maziwa. Kiberiti kapita nyuma yangu na sinia. "Huyu babu si ndiye wa ngiri? Piga simu uulize." Nikamwambia, skrini ya mwanangu haidanganyi. Nimempangia sinia mimi mwenyewe. Nimemwongezea na yai la pili!

Saa mbili wakaja na kitanda cha magurudumu kumchukua. Babu anajifuta ndevu. Daktari wa usingizi akamuuliza, umekula? Akasema, nimekula nikashiba, na mpishi apewe salamu. Upasuaji ukaahirishwa mpaka Jumamosi. Babu hana neno, anasema kwa mayai yale yuko tayari kuahirishwa tena. Lakini daktari kampigia Matroni, na Matroni kashuka jikoni mwenyewe. Hajawahi kushuka jikoni.

"Nani kampa chakula mgonjwa wa tisa?"

Nikasema mimi. Nikasema nilichanganya masinia. Nilisema haraka, kabla hajauliza la pili. Kiberiti alikuwa kasimama na kisu na karoti, kaniangalia, kaendelea kukata.

Matroni akasema niandike maelezo, nimpe kesho kabla ya kikao. Nikafurahi moyoni, ndiyo, nilifurahi! Nitapewa onyo. Onyo ni karatasi tu. Mwanangu atapata kazi.

Jioni

Kitindamimba kaja na laptopu yake kwapani, hajala tangu asubuhi. Hakunisalimia. "Mama, hukuchanganya masinia."

Nikamwambia nilichanganya. Akasema, kaa hapa. Akafungua. Akawa yeye wodi, mimi jikoni, kwenye ile kompyuta ya pili. Akamhamisha mgonjwa wa bandia kutoka cha nne kwenda cha tisa. Kwangu jina likahama vizuri, na chakula chake. Kisha akaandika asile kitu. Kwangu — mkate, yai, chai. Nikasubiri. Mkate, yai, chai!

Kanieleza. Mgonjwa akihamishwa, programu inatengeneza rekodi mpya ya yule yule mtu, ya zamani inatupwa. Skrini yetu inachora jina kwenye kitanda kipya, lakini sikio inaliacha kwenye ile rekodi ya zamani. Rekodi mpya inatoa taarifa, inapiga kelele, asile! asile! — na hakuna anayesikia. Nikasema, yaani skrini inaendelea kusikiliza kitanda kitupu. Akasema, ndivyo hasa.

Nikamuuliza, kwa nini hatukuliona Jumamosi? Akaniangalia, akaanza kutabasamu ingawa macho yamejaa machozi. "Kwa sababu wagonjwa wako wewe, mama, hawakuhama hata mmoja."

Kweli. Niliwabuni wagonjwa kumi na mbili, nikawapa na magonjwa, na watoto wa kuja kuwatazama. Kila mmoja alikaa pale nilipomweka.

Nikamwambia, basi limeonekana, lirekebishe, kesho usiseme kitu. Maelezo yangu yameshaandikwa. Akasema, "Ukisema ni wewe, mama, wataamini programu ni nzima. Wataipeleka wodi zote hivi hivi ilivyo. Na mimi nikirekebisha hili moja, sijui kama hakuna la pili." Nikamwambia watakufukuza. Akasema, wanifukuze nikiwa nimesema. Akaenda kuosha uso, akarudi kurekebisha.

Mkaidi! Huo ukaidi si wa baba yake.

Nimeyachana yale maelezo. Nimeandika mengine, kurasa mbili. Kwamba nilisoma skrini na skrini ilikosea. Kwamba aliyeitengeneza ni binti yangu. Kwamba mwenzangu alinionya mara mbili nipige simu na nikakataa kwa kiburi. Hilo la mwisho limenichukua muda kuliko yote.

Ijumaa, 7 Machi

Saa nne na nusu. Naandika nimesimama.

Asubuhi nilimpa Kiberiti asome maelezo kabla sijayapeleka, kwa kuwa yumo. Kasoma, kasoma tena lile la kiburi. Akakunja karatasi vizuri, akasema, "Umesahau kuandika kwamba mimi ni mrembo." Basi. Akanimenyea vitunguu vyangu vyote.

Kikao kimeanza. Mwanangu kasimama akawaambia yote kabla hawajauliza, babu, kitanda, rekodi iliyotupwa. Nasikia mkubwa mmoja alifunga faili. Matroni ndiye aliyesema, kama amerekebisha, tuone. Akasema hataki kuona kwenye laptopu, anataka kuona wodi halisi na jiko halisi, na anayesoma skrini asiwe mama yake. Kwa hiyo anasoma Kiberiti, kwenye simu, kule wametia spika. Mimi nimeambiwa nikae dirishani na nisitoe sauti. Ndiyo maana naandika! Mdomo nimeuziba, mkono nauachia.

Mara ya kwanza: muuguzi kamhamisha mtu wa kitanda cha pili kwenda cha tano, kisha kamwandikia bila chumvi. Skrini — cha tano, BILA CHUMVI! Pale pale! Kiberiti kasoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Nimejing'ata kidole nisipige kelele. Nasikia kule kwenye simu mtu anasema vizuri, vizuri.

Mara ya pili: sawa tena! Mtu kahama, chakula kimebadilika, skrini imefuata.

Sasa Matroni kasema neno. Kasema, wabadilisheni hawa wawili, wa tatu aende cha kumi, wa kumi aje cha tatu, kwa mpigo. Hilo hatukulijaribu. Kitindamimba hakulijaribu jana, nilikuwepo. Nasikia sauti yake kwenye simu, ndogo, inasema sawa, tujaribu.

Majina yamebadilishana. Muuguzi anasema ameshaandika, aliyeko cha kumi sasa anapasuliwa, asile kitu.

Skrini: cha kumi — mkate, chai.

Nahesabu. Mkate, chai. Labda mtandao. Mkate, chai. Matroni anauliza, "Jikoni, mnaona nini?"

Kiberiti kaifunika simu na kiganja. Kanigeukia, ananong'ona: "Shoga, niseme imebadilika? Wanamngoja mwanao."

Nimetikisa kichwa. Hakuelewa, au hakutaka. "Niseme?" Basi nimevunja amri, nimefungua mdomo. Nimemwambia, soma kilichoandikwa.

Katoa kiganja. Kavuta pumzi. "Matroni," anasema, "hapa kitanda cha kumi bado ni mkate na chai."