Kopo Ndani ya Ukuta wa Baba

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu tele kutoka kwa mdogo wako mtanashati, ambaye bado hajaota mvi, na zikiota atazing'oa. Mimi ni mzima, ukiacha goti. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Baba je? Uliniandikia kwamba anashinda dirishani, na kwamba rafu ya jikoni ilipoanguka alikataa kuigusa, akasema aitwe fundi. Maneno hayo yameninyima raha wiki tatu.

Hapa kijijini wageni hawaishi kuja. Wanapiga picha nyumba za kale, wanapiga picha mto. Juzi mmoja kampiga picha mbuzi, na mbuzi karinga. Unajua nimezunguka dunia melini miaka kumi na moja, bandari gani sijaikanyaga? Huko ndiko nilikojifunza mchezo wa kusaka makopo. Unaficha kopo, unatangaza mtandaoni lilipo, watu wanalitafuta wakiongozwa na simu zao. Atakayelipata anaandika jina kwenye kidaftari kilichomo ndani, analirudisha. Basi. Watu wazima, dada, wenye shahada zao, wanapekua majani kama kuku.

Niliporudi nikaficha langu, kwenye njia ya miguu ya kando ya mto. Nikalitia ndani ya ule ukuta mrefu wa mawe ambao Baba aliupanga bila saruji hata kijiko kimoja, na ambao kamati ya kijiji ilimwachia autunze. Simu inakufikisha karibu tu, haikuonyeshi jiwe lenyewe. Kwa hiyo nikawaongezea kidokezo: nyuma ya jiwe linalocheza. Nikajiona bingwa. Kumbe kila aliyefika alitikisa mawe yote, hatua ishirini huku, ishirini kule, na lisilocheza likatikiswa mpaka likacheza.

Kila asubuhi Baba alikuta mawe chini. Anayapanga, kesho yake yako chini tena. Akadhani kasoro iko kwenye kazi yake. Akaanza kulipima kila jiwe mara tatu, akanunua miwani. Mwenyekiti wa kamati alipokuja na wenzake, wakasimama pale wakinong'ona, Baba aliwawahi.

“Msihangaike,” aliwaambia. “Mikono yangu imeanza kunidanganya.”

Akamkabidhi mwenyekiti ufunguo wa banda la zana. Wiki ile ile ukaja kumchukua, ukamwambia apumzike, umri umefika. Sikulaumu, hukujua.

Mimi nilijua, dada. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Wageni nilishawaona kwa macho yangu wakichokonoa ukuta, tangu mwezi wa kwanza wa mchezo. Na usidhani niliiogopa kamati. Kidaftari kilikuwa na majina mia mbili na arobaini, nikataka yafike mia tatu. Ndiyo sababu nzima, sina nyingine. Yalifika.

Jana nimelitoa kopo, kwa nyundo na patasi. Kamati imeshaukandika ukuta saruji, umekuwa kama wa choo.

Mara nne nimeanza kumwandikia Baba mwenyewe, mara nne nimechana. Ataniuliza kwa nini nilinyamaza, na jibu ndilo hilo. Basi nakutwisha wewe. Msomee barua hii yote, usiruke mahali, hata pale pa mia tatu. Akitaka kunilaani, mwache amalize. Ila uanze kwa kumwambia kwamba mikono yake ilikuwa sawa siku zote.

Wasalimie watoto na shemeji. Naomba majibu, hata yakiwa ya mstari mmoja, hata ukiwa wa matusi.

Ni mimi mdogo wako,
Baharia