Stendi Yangu Iko Chumbani kwa Mama Anaeli

Jumanne, 5 Agosti

Picha za pasipoti sita kabla ya saa nne. Mmoja alikuja na kofia, hataki kuivua. Kaivua.

Mchana kaja Mwalimu Upendo wa Gongo la Mboto. Nilimpigia picha za harusi yake, na mpaka leo anasema hajaona mpigapicha wa kunifikia. Simbishii. Ijumaa, sikukuu ya Nane Nane, mama yake anatimiza miaka themanini. Kutakuwa na ibada ya shukrani nyumbani kwa mama, Ukonga, halafu chakula. Mama ameomba zawadi moja tu, picha yake na wanawe watatu: Anaeli wa kwanza, Godi wa pili, Upendo kitinda mimba. Tangu wawe watu wazima hana picha hiyo hata moja.

Kikwazo ni kwamba Anaeli na Godi hawasemezani, mwaka wa nne huu. Baba yao alipofariki, Anaeli alimzika hapa Dar. Kumbe Godi, anayeishi kwao Moshi, alikuwa keshachimba kaburi kwenye shamba la ukoo. Kwao kaburi lililochimbwa haliachwi wazi, kwa hiyo walizika mgomba, wakafukia. Tangu hapo Godi akija mjini, Anaeli haonekani. Anaeli akienda Moshi, Godi ana safari.

Upendo anauliza kama naweza kumpiga kila mmoja kwa saa yake, halafu niwaunganishe wawe kama walisimama pamoja. Nimemwambia naweza. Stendi ya kamera isiposogea, hata shetani hatagundua.

Usiku nimemsimulia mume wangu. Akanipa methali: ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Nimemjibu sina shamba, nina stendi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda Ukonga kukagua mwanga. Wangenipeleka mbele ya nyumba, penye maua. Nimekataa. Pale vivuli vya asubuhi na vya mchana vingetuumbua. Nimechagua ukuta wa kusini. Mwezi huu jua linapita kaskazini, kwa hiyo pale ni kivuli kutwa nzima. Vijana wa siku hizi wanaokimbia na kamera mkononi hilo hawalijui.

Mpango: Mama kwenye kiti. Godi kushoto kwake, Anaeli kulia, Upendo nyuma. Godi atasimama saa nne asubuhi, kisha ataondoka. Anaeli ataingia saa nane. Mama ataambiwa Anaeli amechelewa. Hapo sikupapenda, ila si mimi nitakayemwambia.

Nimeisafisha stendi. Ni ya chuma, nzito, nimekuwa nayo tangu kabla ya kumzaa binti yangu Rehema. Vijana hao wananicheka kwa uzito wake. Za kwao zinapepesuka feni ikiwashwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Sijawahi kufedheheka hivi kazini. Niandike kwa mpangilio.

Saa tatu nilikuwa pale. Stendi nimeisimamisha, miguu yote mitatu nimeizungushia chaki, chini nimening'iniza mfuko wa mchanga. Nimewatangazia wajukuu kwamba atakayeigusa hali pilau. Wakaniogopa vizuri.

Saa nne: Mama Anaeli kwenye kiti, gauni la kitenge, amenyooka. Godi kushoto, mtu mrefu, mikono ya mkulima. Upendo nyuma. Kulia patupu. Upendo akamwambia mama kaka amekwama Kipawa dukani kwake, tunamwachia nafasi yake. Nikapiga kumi na moja. Godi akaaga, anakwenda kumsalimia rafiki.

Ibada, chakula, hotuba. Mimi sikula ndani. Nimekula nimesimama kando ya stendi kama askari wa getini.

Saa nane Anaeli kaja na pikapu. Mnene, msafi, sauti ya mtu aliyezoea kuagiza. Nilitaka asimame peke yake kulia kwa kiti kitupu, dakika mbili imekwisha. Mama akatoka ndani bila kuitwa, akaketi kitini. Kasema na yeye anapigwa. Haya. Upendo akarudi nyuma yake, kushoto pakabaki wazi. Nikapiga nne.

Mama akaniuliza mbona kamera sijaiondoa pale tangu asubuhi. Upendo akanikonyeza. Lakini siwezi kumdanganya mtu wa miaka themanini aliyenitazama usoni. Nikamweleza: ikikaa palepale, picha ya asubuhi na ya sasa zinaungana, zinakuwa moja.

"Kwa hiyo hiki kidude kikisimama hapa, wanangu hawana haja ya kukutana."

"Ndiyo, mama."

Akanyanyuka. Nilidhani anakwenda kunawa. Akaja moja kwa moja kwenye stendi, akaikumbatia miguu yote mitatu. Nikawahi kuchomoa kamera. Mfuko wa mchanga ukadondoka, ukapasuka. Akaiburuta mpaka chumbani kwake, akafunga mlango, ufunguo akaufunga kwenye ncha ya khanga.

"Itakaa kwangu. Nitakupa siku wakisimama wote wawili."

Watu wote wanatazama. Anaeli kacheka. Upendo kalia. Mimi nimebaki na kamera kifuani na alama tatu za chaki chini.

Nimerudi nyumbani Tandika na bajaji, mikono mitupu. Mume wangu amecheka mpaka akakaa sakafuni. Nimemnunia.

Jumamosi, 9 Agosti

Pasipoti nane. Kamera nimeiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa na maboksi matatu ya karatasi. Mteja mmoja kauliza kama studio imehama. Sikumjibu.

Jumamosi ijayo nina harusi Mbagala. Kuazima stendi kwa wale vijana wapigapicha wa mtaa wa pili? Bora nipige nikiwa nimelala chini. Ningeweza kununua nyingine. Sitaki. Yangu ipo, ina mwenyewe, na haijafa.

Mchana nimezifungua picha kwenye kompyuta. Nikajaribu kuunganisha, kwa hasira tu, nione. Zimeungana kama zimezaliwa pamoja. Ukuta, kiti, mstari wa sakafu, hakuna kilichopinda. Nikajisifu kwa sauti peke yangu studio.

Halafu nikamwona mama.

Asubuhi, Godi akiwa kushoto, mama kageuza macho kulia, penye nafasi tupu ya Anaeli. Nikafungua nyingine. Vilevile. Zote kumi na moja. Nikafungua zile nne za mchana. Anaeli yupo kulia, na mama anatazama kushoto, pale Godi aliposimama asubuhi.

Miaka yote hii huwa nakagua macho kama yamefumba. Ya mama yalikuwa wazi, nikasema safi, twende. Sikuangalia yanatazama wapi. Nimejiona mjinga.

Nimeifuta ile niliyounganisha. Nimesafisha mbili tu, moja ya asubuhi na moja ya mchana, kama zilivyo.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefunga studio, nimekwenda Kipawa. Duka la Anaeli la vifaa vya ujenzi ni kubwa, bati mpaka dari. Alivyoniona akacheka tena. Akasema atanitafutia stendi mpya, mbili nikitaka, za kisasa, nyepesi. Nimemwambia sikuja kuomba stendi. Sauti ilinitoka kali kuliko nilivyokusudia.

Nikaiweka kaunta picha ya asubuhi. Mama, Godi, Upendo, na nafasi yake yeye. Sikueleza lolote. Mwenye macho haambiwi tazama.

Ameitazama. Akaifunika na kitabu cha risiti, akamhudumia mteja wa misumari. Akamhudumia na wa rangi. Kisha akakiondoa kitabu, akaitazama tena, safari hii amekaa.

Akaanza kusema bila kuulizwa. Wiki ile baba yao alipofariki, mama alikuwa amelazwa, daktari amekataza safari. Angempeleka mzee Moshi, mama asingemzika mumewe. Akaamua, bila kumwambia Godi, azike hapa ili mama apelekwe kwa kiti cha magurudumu, atupe udongo wake. Godi alipopata habari akapiga simu, akamtukana Anaeli kabla hajasikiliza. Naye Anaeli akasusa kueleza, akamkataza na Upendo. Miaka minne kasusa.

Akaniomba nimwambie Godi hayo.

"Mie nimebeba picha, braza, sikubeba maneno. Kamwambie mwenyewe."

Nimeondoka. Njiani nilijisikia nimekuwa mkali mno, kisha nikajisikia sawa.

Jumanne, 12 Agosti

Godi amefikia kwa Upendo, Gongo la Mboto. Alhamisi alfajiri anapanda basi la Moshi.

Nimempa ya mchana. Anaeli amesimama, Upendo nyuma, mama anatazama pengo. Kaishika kwa ncha za vidole, kana kwamba mikono ina matope. Upendo alileta chai, ikapoa.

Akasema kaburi lile alilichimba mwenyewe, hakuruhusu mtu kumpokea jembe. Siku ya mazishi watu wamejaa, mchungaji amefika, ndipo simu ikaja kwamba mzee ameshazikwa. Mbele ya ukoo mzima akashusha mgomba kaburini. "Mpaka leo baba yangu sijui amelala upande gani wa mji huu," alisema. Nilitaka kumwambia habari ya hospitali. Ilikuwa mdomoni kabisa. Nikanywa ile chai baridi.

Ameomba abaki na picha. Nimemwachia.

Stendi nitapata hata nikinunua. Hili lingine ndilo linaloniuma. Nilikubali kumtengenezea mama uongo kwa sababu tu naweza kuutengeneza vizuri.

Jumatano, 13 Agosti

Hakuna simu. Pasipoti tatu juu ya ndoo. Shingo inauma.

Mume wangu hacheki tena. Ameniuliza kama nataka aende Mbagala aniazimie stendi kwa mtu asiyenijua. Nimekataa, ila nimempikia samaki.

Alhamisi, 14 Agosti

Saa moja asubuhi Upendo kapiga. Godi hakupanda basi. Aliamka, akabeba begi mpaka mlangoni, akalirudisha ndani, akaenda kwa mama kwa miguu. Upendo alimpigia Anaeli. Anaeli kasema anakuja, akakata simu.

Nimefika Ukonga saa tatu, kamera begani. Pikapu ipo nje, Upendo kibarazani. Uani kaka wawili: Anaeli ameegemea tangi la maji, Godi kasimama kwenye geti, kati yao kuku wanachakura. Nimewasalimia kila mtu kivyake. Hakuna aliyemsemesha mwenzake.

Mama Anaeli alichungulia dirishani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akapotea. Nikasikia ufunguo. Akatoka anaiburuta stendi, hapana aliyethubutu kumsaidia. Kaifuta vumbi na khanga yake, akanikabidhi.

"Haya mwanangu. Fanya kazi yako."

Kweli nikafanya kazi yangu. Bismillah, najijua. Ukuta uleule, kiti kilekile. Mfuko wa mchanga sikuwa nao, nikaning'iniza mkoba wangu. Nikawaita kwa majina kama wanafunzi. Anaeli kulia, Godi kushoto, Upendo nyuma. Walikuja. Nilimwambia Godi asogee, akasogea. Nilimwambia Anaeli asogee, akasogea. Sikuwaambia watabasamu. Huo ungekuwa utovu wa adabu.

Sita tu. Si picha yangu bora. Anaeli amekunja uso, Godi kidevu kimeinama. Mama anatazama mbele.

Nilikuwa nakunja mguu wa kwanza wa stendi Godi alipozungumza. Hakumtazama kaka yake, alitazama ukuta.

"Kaburi la baba liko wapi?"

Nikaacha kukunja. Anaeli akajibu:

"Njia ya Pugu. Nikupeleke."

Hakuna aliyekumbatiana. Anaeli akapapasa mfukoni kutafuta ufunguo wa gari. Mama akasema wamsubiri avae viatu. Upendo akaingia kumsaidia. Baada ya dakika tano wote wanne wamo kwenye pikapu, mama mbele, Godi nyuma ameshika vyuma. Upendo akanipungia, akaomba nikitoka nifunge geti.

Nimebaki uani peke yangu na kuku. Nikakunja stendi taratibu. Nimelia kidogo, sijui kwa nini hasa. Nikafunga geti.

Jumapili, 17 Agosti

Harusi ya jana imekwenda vizuri. Stendi ilisimama madhabahuni tangu mwanzo mpaka mwisho, hakuna aliyeikwaa.

Leo nimepeleka picha Ukonga, kubwa, ndani ya fremu. Mama alikuwa kanisani bado. Upendo ameipokea, ameiegemeza kwenye kabati, tumeitazama wote wawili tukiwa tumesimama.

Godi ameondoka jana. Kuhusu hospitali, Anaeli alimwambia mwenyewe kule makaburini. Upendo hakusikia yote, alikuwa amemshika mama. Alichoona ni Anaeli amepiga magoti na suruali yake safi, anachota udongo wa kaburi kwa mikono, anajaza kopo la maziwa ya unga. Amekifunga kifuniko kwa plasta, akampa Godi akauweke kule Moshi, pale walipozika mgomba. Basini Godi alilipakata kopo, begi akaliacha chini.

Nimekunywa maji, nikaaga. Nimefika nyumbani nikalala mchana, jambo ambalo silifanyi.